Shitipaili za kofia za milimita 900: zinashuka ardhini kirahisi kweli?

Mnunuzi wa shitipaili, yaani paili bapa za chuma zinazopigiliwa ardhini zikifungamana kuwa ukuta, huuliza kwanza bei ya tani, kisha kilo ngapi kwa mita ya mraba ya ukuta. Fundi anayesimama chini ya kreni huuliza jambo moja tu: itashuka? Maswali haya mawili hayana jibu moja, na tofauti hiyo ndiyo inayofanya shitipaili za umbo la kofia, zenye upana wa milimita 900, zistahili kuangaliwa kwa makini. Ziliingia sokoni Japani katikati ya miaka ya 2000, zikitengenezwa kwa chuma kilichoviringishwa kikiwa moto, na zilisanifiwa tangu mwanzo kwa kuzingatia upigiliaji pamoja na nguvu ya ukuta. Tunaloliona baada ya kulinganisha vipimo na mwenendo wake saiti ni hili: kwenye mchanga uliojaa maji, tope na mfinyanzi wa wastani, hakuna umbo la U linalozikaribia. Kwenye changarawe nene au mwamba wa matumbawe, upana huohuo uliokusaidia unageuka kuwa mzigo.

Umbo lenyewe ni rahisi kulieleza. Katikati kuna mgongo bapa, pande zake kuna mabega mawili yaliyoinama kwa ulegevu, na mwisho wa kila bega kuna ukingo mfupi bapa wenye kufuli, yaani mdomo unaonasa paili jirani. Makufuli yote mawili yako mstari mmoja, upande mmoja wa ukuta. Ukipanga shitipaili kumi, zote zinatazama upande uleule. Hapo tayari kuna tofauti kubwa na umbo la U tulilolirithi kwa Tryggve Larssen wa Bremen tangu mwanzoni mwa karne ya 20, ambapo moja hutazama nchi kavu na inayofuata hutazama maji, na kila ya pili lazima igeuzwe nyuzi 180 kabla ya kuingizwa.

Tunazoziongelea zaidi ni mbili, zinazojulikana kwa majina ya 10H na 25H. Ya kwanza ina kimo cha milimita 230, unene wa milimita 10.8, kilo 86.4 kwa mita ya urefu, yaani kilo 96 kwa mita ya mraba ya ukuta, na modulasi (kipimo cha uwezo wa ukuta kuhimili kupindwa) ya 902 cm³ kwa mita. Ya pili ina kimo cha 300, unene wa 13.2, kilo 113 kwa mita ya urefu, kilo 126 kwa mita ya mraba, na modulasi ya 1,610 cm³ kwa mita. Baadaye zikaongezwa 45H na 50H kwa kuta ndefu zaidi. 45H ina unene wa milimita 15 na modulasi ya 2,450.

Hesabu ya makufuli

Sababu ya kwanza ya kushuka kirahisi haihitaji fizikia yoyote. Chukua ukuta wa mita 100 wenye shitipaili za mita 12. Kwa U za zamani za milimita 400 unahitaji vipande 250. Kwa U za milimita 600, vipande 167. Kwa kofia za 900, vipande 112. Kila kipande ni kuinua mara moja, kulenga kufuli mara moja, kupima timazi mara mbili, kufunga na kufungua taya za nyundo. Sehemu kubwa ya siku kwenye kazi hii huishia hapo, chuma kikiwa bado hewani. Anayehesabu dakika za nyundo ikiunguruma peke yake anakosea hesabu kwa nusu au zaidi.

Halafu zidisha na kina. Ukuta huo wa U-400 una kama mita 3,000 za kufuli linalosuguana chuma kwa chuma huku mchanga ukijipenyeza katikati. U-600 una mita 2,004. Kofia zina mita 1,344. Msuguano wa kufuli ni adui mbaya kuliko msuguano wa udongo, kwa sababu udongo ukitetemeshwa hulegea, lakini kufuli lililopinda au lililojaa mchanga hukaza zaidi kadiri unavyoshuka. Ukipunguza urefu wa makufuli umepunguza pia njia za maji kupenya, jambo ambalo mwenye pampu atakushukuru kwalo baadaye.

Sababu ya pili ni mfereji. U-400 ya aina ya III ina kimo cha milimita 125 kwa kipande, na ikishafungwa na jirani yake inaunda mifereji ya milimita 250 kwenda ndani, myembamba, yenye kuta zilizosimama. Mfinyanzi ukiingia humo haurudi; unajibana, unashuka pamoja na paili kama kizibo, na kuanzia hapo unapigilia udongo juu ya udongo. Kofia ya 10H ni pana na ya kina kifupi, mabega yake yameinama kiasi kwamba udongo unateleza pembeni badala ya kubanwa. Hii ndiyo sehemu ya usanifu tunayoipenda kuliko zote, na haionekani kwenye jedwali lolote la modulasi.

Sababu ya tatu ni ulinganifu. Shitipaili ya umbo la Z ikipigiliwa moja moja hupenda kujizungusha, kwa sababu umbo lake halilingani kushoto na kulia. Ndiyo maana Z karibu siku zote hufungwa mbili mbili kiwandani na kupigiliwa kama jozi. Kofia inalingana pande zote mbili tangu ikitoka kwenye roli, kwa hiyo haina hamu hiyo ya kujigeuza.

Ulinganisho kwenye karatasi, na mahali unapodanganya

Wauzaji wa kofia hupenda kuziweka kando ya U-400, na kwa haki. Kwenye U, kufuli liko katikati ya unene wa ukuta, pale hasa ambapo mkazo wa kukata huwa mkubwa kuliko kwingine wakati ukuta unapinda. Kufuli likiteleza, vipande viwili haviungani kufanya kazi kama kimoja. Kwa hiyo mahesabu ya Japani huchukua asilimia 45 tu ya momenti ya inesha (kipimo cha ugumu wa kupinda) ya ukuta wa U, na asilimia 60 au 80 ya modulasi, kutegemea jinsi vichwa vilivyofungwa kwa zege au kulehemu. Ulaya nayo, kwenye EN 1993-5, kanuni yake ya usanifu wa paili za chuma, ina vipunguzo vyake, na kila nchi hujiwekea thamani. Kofia haina tatizo hilo: kufuli liko kwenye uso wa ukuta, mbali na mahali pa kuteleza, na unatumia asilimia 100.

Tazama matokeo. U-400 aina ya III ina kilo 150 kwa mita ya mraba na inesha ya 16,800 cm⁴ kwa mita kwenye katalogi. Kata hadi asilimia 45, unabaki na 7,560. 10H ina 10,500 kamili, kwa kilo 96. Yaani kofia nyepesi kwa zaidi ya theluthi haipindi sana kama U nzito. Kwa modulasi, III inashuka hadi 1,072 ukitumia asilimia 80, bado juu ya 902 ya 10H, kwa hiyo usizibadilishe kiholela bila kupitia hesabu upya. Dhidi ya U-600 aina ya IIIw, yenye kilo 136 na modulasi ya 1,800 kwenye katalogi, 25H inashinda: 1,610 kamili dhidi ya 1,440, na kwa ukuta wetu wa mita 100 kwa 12 ni tani 151 dhidi ya 163.

Lakini hapa ndipo tunapotofautiana na wauzaji. Ukiiweka 25H kando ya Z pana ya Ulaya, sura inabadilika. AZ 18-800 ina modulasi ya 1,840 kwa kilo 101 tu kwa mita ya mraba. Ni nyepesi kwa kama asilimia 20 na ina nguvu zaidi, na jozi yake moja inafunika mita 1.6. Nayo makufuli yake yako usoni, hivyo haina kipunguzo. Anayetafuta tani chache kabisa hatanunua kofia. Kinachoitetea kofia hapo ni unene: 13.2 dhidi ya milimita 8.5 za Z hiyo. Ncha nene hustahimili kugonga jiwe bila kujikunja, na chuma nene huacha cha kuliwa na kutu. Kwa saiti laini isiyo na mawe, mbali na maji ya chumvi, sisi tungeomba bei ya zote mbili kabla ya kuamua.

Nyundo na taya

Malalamiko mengi kuhusu kofia kukwama yanatokana na kutumia nyundo ya mtetemo ileile iliyokuwa ikishusha U-400. Kipande kimoja cha 25H cha mita 12 kina kilo 1,356. Cha U-400 aina ya II kina kilo 576. Kuna kanuni ya haraka inayotumika kukadiria nguvu ya mtetemo kwa kilonyutoni: jumlisha kina cha kupigilia kwa mita na uzito wa paili kwa kilo uliozidishwa mara mbili, gawa kwa 100, zidisha kwa 15. Kwa U ya aina ya II inatoka kama 175. Kwa IIIw ya kilo 979, kama 296. Kwa 25H, kama 409. Ni makadirio ya ardhi ya kawaida tu, wala hayachukui nafasi ya kupigilia paili ya majaribio, lakini yanakuonyesha kwa nini nyundo ndogo inayoning'inia kwenye ekskaveta haitoshi.

Nguvu pekee nayo haitoshi. Angalia upana wa mtikisiko. Chukua momenti ya vizito vinavyozunguka ndani ya nyundo kwa kilo-mita (kilo mara mita), zidisha mara mbili, gawa kwa uzito wote unaotikisika: sehemu ya chini ya nyundo, taya na paili yenyewe. Nyundo ya kilo-mita 26 yenye kilo 2,500 zinazotikisika, ikibeba 25H ya mita 12, itatoa kama milimita 13.5 ikiwa hewani. Hiyo ni nzuri. Kwenye mchanga wenye maji, kasi ya mzunguko ndiyo inayofanya kazi, kwa kuwa chembe zinapoteza mshikamano. Kwenye mfinyanzi, kasi haisaidii sana. Unahitaji mtikisiko mpana unaokata udongo kutoka kwenye chuma. Nyundo ya kasi kubwa yenye mtikisiko mdogo, iliyochaguliwa ili majirani wasilalamike, inaweza kusimama juu ya mfinyanzi ikiutetemesha kama jeli bila kushuka hata sentimita.

Suala la taya ni zito kuliko linavyoonekana. Taya moja iliyokamata mgongo katikati huacha mabega na kingo zikipepea. Nguvu inayotakiwa kufika nchani inaishia kukunja kichwa, na ndani ya siku mbili unaona nyufa mahali taya ilipouma. Kofia inahitaji taya mbili zilizopangwa kwa ajili yake, zikikamata pande zote mbili kwa usawa. Usipopata hizo kwa wakodishaji, hesabu gharama ya kuzileta kabla ya kuagiza chuma. Kwa maoni yetu hapo ndipo kofia hukosa soko katika maeneo mengi: bamba linapatikana, taya hazipo.

Kuinua nako kuna lake. Kipande cha mita 12 kwa 0.9 kina uso wa mita za mraba 10.8, na kinaposimama wima kwenye kreni ni tanga. Pwani, wakati kusi inapovuma vizuri mchana, ni busara kazi ya kuchomeka makufuli ianze alfajiri.

Fremu, jozi na mistari iliyolala

Fremu ya mwongozo, inayoshika paili zisimame wima na kwenye mstari, si pambo. Weka ngazi mbili, ya chini karibu na ardhi, ya juu kadiri inavyoruhusu, na vizuizi vya mbao ngumu au vyuma vidogo vinavyoziba nafasi kati ya kofia na fremu. EN 12063, kanuni ya Ulaya ya kazi za kupigilia shitipaili, inaruhusu kichwa kihame milimita 75 kwenye nchi kavu na 100 juu ya maji, na kuinama asilimia 1 nchi kavu au 1.5 majini. Kwa paili ya mita 12, asilimia 1 ni milimita 120. Inaonekana nyingi mpaka utakapotaka kufunga ukuta kwenye kona.

Tatizo la kawaida kuliko yote ni ukuta kulala mbele kuelekea unakoenda. Sababu yake ni rahisi: kufuli lililounganishwa na jirani linazuiwa na msuguano, ukingo ulio huru hauzuiwi, kwa hiyo ule huru unashuka zaidi na kichwa kinaegemea mbele. Kwenye U-400 umbali kutoka katikati hadi kufuli ni milimita 200. Kwenye kofia ni 450. Kwa msuguano uleule, nguvu ya kupindua ni zaidi ya mara mbili. Upana wa paili unasaidia kuizuia, lakini ikishaanza kulala huwezi kuirudisha kwa kusukuma na ekskaveta kama watu wanavyofanya kwenye U nyembamba. Utapinda kufuli, na paili itakayofuata itakataa mita sita chini, ambako huioni.

Dawa zinafuatana hivi. Kwanza, usipigilie moja moja hadi mwisho. Panga kofia sita hadi kumi kwenye fremu, shusha ya kwanza na ya mwisho kidogo, kisha zile za katikati, halafu rudia. Pili, pima timazi kwa pande mbili kila mita mbili, siyo mwishoni. Tatu, ukiona mwelekeo umefika nusu ya asilimia, yaani milimita 60 kwa mita 12, vuta vichwa nyuma kwa waya na winchi huku nyundo ikifanya kazi. Kusogeza nyundo karibu na kufuli lililounganishwa ni mbinu nzuri kwa U, lakini taya mbili za kofia hazikupi nafasi kubwa ya kusogea. Nne, na hii ni ya mwisho, tengeneza kofia iliyopunguzwa upana kwa kukata na kulehemu, pana juu au chini kulingana na mlalo. Ni ghali, na kila mshono wa kulehemu ni mahali papya pa kuvujia maji.

Kuna pia paili kuvutwa chini na jirani yake. Unashusha ya tano, ya nne iliyokwisha kufika kimo chake inaanza kushuka nayo. Acha kila kofia ikiwa juu kwa mita moja, unganisha vichwa vya zilizokamilika kwa kipande cha pembe ya chuma kilicholehemewa, kisha rudi kumalizia.

Kufuli kwa karibu

Hapa inafaa kupiga magoti na kutazama ncha. Kufuli linalotangulia, lile litakalompokea jirani, linashuka likiwa wazi kabisa chini. Kwa mita 12 linachota mchanga na kokoto ndogo, na zinagandamizwa ndani yake kwa mtetemo mpaka ziwe kama zege. Paili inayofuata inapochomekwa, inakutana na kizibo hicho. Unadhani umefika kwenye tabaka gumu. Kumbe umefika kwenye uchafu wako mwenyewe.

Kinga yake haina gharama. Chukua bolti inayolingana na nafasi ya kufuli, ichomeke kwenye ncha ya chini ya kufuli linalotangulia, na ulehemu nukta moja tu. Nukta moja, siyo mshono mzima. Jirani akifika ataisukuma nje bila shida. Ukilehemu kote atasimama hapohapo. Juu ya bolti jaza grisi nzito au mchanganyiko wa lami kama ukuta unatakiwa kuzuia maji. Vijazo vya kufuli vya kuuzwa vipo vya namna nyingi, vingine huvimba vikikutana na maji. Hivyo visikae mvuani wiki nzima vikisubiri kreni.

Kabla ya kuinua, kata kipande cha milimita 200 kutoka kofia iliyoharibika, chenye kufuli zima, na ukipitishe kwa mkono kwenye kila kufuli kutoka kichwa hadi ncha. Kikikwama, paka alama ya rangi, nyoosha hapo. Kazi hii ya dakika tatu huokoa nusu siku. Usichanganye makufuli ya viwanda tofauti kwa kuangalia kwa macho. Kufuli la Kijapani na la Ulaya linaweza kuingiana juu ya meza na kukataa ardhini.

Halafu kuna joto. Kwenye mchanga mkavu, kufuli likitetemeshwa muda mrefu bila kushuka, chuma hupata moto, moshi hutoka, rangi ya buluu hujitokeza, na mwishoni makufuli mawili hulehemeana yenyewe. Ikishuka chini ya nusu mita kwa dakika kwa dakika chache mfululizo, zima nyundo. Mwagia maji kwenye kufuli, au badilisha njia. Kwa nyundo ya kugonga, mapigo kumi kwa milimita 25 ndiyo mpaka. Ukiendelea unakunja kichwa au, vibaya zaidi, unakunja ncha bila kujua.

Ardhi ikikataa

Maji ya shinikizo ndiyo msaada wa kwanza kwenye mchanga ulioshikamana. Mabomba ya shinikizo dogo, baa 10 hadi 20, yanayolehemewa kwenye mabega ya kofia na kuishia nchani, hulegeza mchanga vizuri. Kwa mchanga mgumu na mfinyanzi mkavu, watu huenda kwenye baa 250 hadi 500 zenye maji kidogo lakini makali. Umbo la kofia linafaa kwa hili, kwa sababu mfereji wake mpana una nafasi ya mabomba bila kugusa fremu. Zima maji mita moja juu ya kina cha mwisho, malizia kwa mtetemo mtupu, vinginevyo umelainisha udongo uleule unaotakiwa kushika mguu wa ukuta.

Kwenye ukanda wetu wa pwani, kuanzia Lamu na Mombasa kushuka hadi Mtwara, matumbawe ya kale yapo chini ya mchanga, mara laini kama chokaa, mara gumu kama zege, na ndani ya mita chache hubadilika. Kofia ya 10H yenye milimita 10.8 haina kazi hapo. Ncha ikigusa mwamba upande mmoja tu wa upana wa 900, upande wa pili unaendelea kushuka, na paili inapinda au kufuli linafunguka chini. Toboa kwanza kwa oga (keekee kubwa ya kutoboa ardhi), mashimo yanayopishana kwenye mstari wa ukuta, yajaze mchanga, halafu shusha 25H au nene zaidi. Tabaka likiwa nene na gumu, tunashauri mtu aache kofia kabisa atazame mabomba ya chuma. U nyembamba, kwa ubaya wake wote, hujipenyeza kati ya mawe yaliyotawanyika vizuri kuliko kofia. Hilo lazima lisemwe.

Mahali ambapo mtetemo hautakiwi, karibu na jengo bovu au hospitali, mashine za kusukuma kimya za Giken, kampuni ya Kochi nchini Japani, ambazo ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1975, hushika paili zilizokwisha kushuka na kutumia upinzani wake kusukumia inayofuata. Kwa kofia unahitaji mashine yenye mshiko wa 900. Ya 400 au 600 haibadilishiki kwa kubadilisha meno tu.

Kununua, kupokea, kuhifadhi

Daraja la chuma kwa kofia za Kijapani ni SYW295 na SYW390, herufi W ikimaanisha linalehemeka vizuri. Kwa upigiliaji mgumu chukua 390 hata kama hesabu ya ukuta inatosheka na 295, kichwa kitadumu. Ukipokea mzigo wa Ulaya chini ya EN 10248, kiwango cha shitipaili zilizoviringishwa moto, kubali mpindo wa hadi asilimia 0.2 ya urefu, ambayo kwa mita 12 ni milimita 24, na urefu unaopungua au kuzidi milimita 200. Zaidi ya hapo, rudisha. Ukitaka zije ndani ya kontena la futi 40, agiza mita 11.8, siyo 12.

Kofia hupangana vizuri moja juu ya nyingine, na lori la tani 27 hubeba vipande 19 vya 25H. Weka magogo kila mita tatu au nne, yakiwa wima moja juu ya jingine kwenye kila tabaka. Gogo likikaa upande, kofia ya chini hupinda kwa uzito wa zile za juu, na utaijua siku ya kuchomeka.

Kuhusu kutu, Japani hutoa milimita moja kila upande kama akiba ya kawaida. EN 1993-5 inakadiria hasara ya milimita 3.75 kwa miaka 50 pale maji ya bahari yanaporuka na kwenye kiwango cha chini cha maji, na 1.75 kwenye sehemu iliyozama daima, kwa bahari za baridi ya wastani. Toa 3.75 kwenye 25H, bado una milimita 9.45. Toa kwenye Z ya 8.5, unabaki na 4.75. Kwa gati la Bahari ya Hindi, weka zege au rangi ya epoksi kwenye eneo hilo bila kujali umbo ulilochagua.

Kwa kazi ya muda, shimo la msingi la miezi minne kisha kung'oa, hatuzipendekezi. Hata Japani kwenyewe U-400 bado inatawala biashara ya kukodisha, kwa sababu inastahimili kupigiliwa na kung'olewa mara nyingi, na ikipinda inanyooshwa. Kofia iliyopanuka milimita chache kwenye kingo zake haitachomekeka tena kwa urahisi, na yadi nyingi hazina jeki ya kuirudisha umbo. Zinunue kwa ukuta wa kubaki, na katika oda andika kofia tatu za ziada kwa kila mia, taya mbili za nyundo, na vipande vya kona vilivyolehemewa kiwandani.